Moyo Unapokwenda Mbio



Msimu wa likizo, wazee wetu wa Mombasa na Lamu hupanda Nakuru kuwazuru wana na wajukuu. Mji huo u takriban mita 1,850 juu ya bahari, na kilele cha Menengai chapita mita 2,200. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko yetu. Mgeni apandapo mlima huhisi moyo ukimdunda. Akipumzika ukatulia, kwa kawaida si jambo la kutisha.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Shikeni kifundo cha mkono, mhesabu dakika nzima, mwandike idadi na saa. Ukidunda mara kwa mara pasi na kazi, daktari ataangalia upungufu wa damu, tezi ya shingo, wasiwasi, kahawa na miraa.

Lakini ukienda mbio pamoja na kifua kubana, pumzi kukatika au kuzirai, tusingoje asubuhi. Mgonjwa apelekwe hospitali usiku huohuo. Kipimo cha umeme wa moyo huonyesha zaidi mapigo yangali yamevurugika.

Aghlabu twasikia: "Ni kijicho, asomewe kwanza." Kumsomea mgonjwa ni kheri, nasi hatukatazi, ila msomaji na apande gari pamoja naye, asome njiani. Dua haikuteremshwa ili imcheleweshe mtu kufika kwenye tiba.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi sisi na vizazi vyetu. Amin.