Moshi: mwenye fremu ahesabu nyayo kwanza

Wenye mitaji wanaojenga maduka mjini Moshi bado huanza na ramani ya fundi. Wangeanza na nyayo. Mama wa Kibosho au Marangu akishuka stendi na mkungu wa ndizi kichwani, huelekea soko la Mbuyuni kwa njia iliyo fupi na isiyo na ngazi. Ukimwekea ukuta atauzunguka. Ukimwekea ghorofa hapandi. Ndiyo maana fremu za chini hugombewa kwa kilemba, na za juu huachiwa mafundi cherehani na mawakili.

Waliojenga maduka ya zamani ya Wahindi walilijua hilo. Waliacha baraza pana mbele, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, mpita njia hujikinga hapo, macho yakiwa kwenye bidhaa. Baadhi ya majengo mapya yameila baraza ili kupata chumba cha ziada. Hesabu mbovu hiyo: mwenye nyumba anaongeza pango, mteja anavukia upande wenye kivuli.

Anayetafuta fremu asimame mlangoni pake saa mbili asubuhi, kisha saa kumi na moja jioni, kabla ya kulipa kodi ya mwaka mzima.