Mzee Akisahau Njia ya Nyumbani

Pengine mmekwisha kuona jambo hili katika mtaa wenu, huko Kolwezi au Fungurume. Mzee aliyefanya kazi mgodini miaka mingi, ambaye watu wote walimjua kwa akili yake, aanza kuuliza neno moja mara tano kwa siku. Amwita mjukuu wake kwa jina la ndugu aliyekufa zamani. Halafu usiku mmoja atoka nje, asiijue tena njia ya kurudi. Mtoto akifa katika jamaa ile, majirani hunong'ona: "Mlozi ni yeye. Hamkuona anavyozunguka usiku?"

Neno hilo limekwisha kuwafukuza wazee wengi nyumbani mwao. Kwa hiyo yafaa tujue ukweli wa mambo haya.

Mzee huyo si mlozi. Ubongo wake ni mgonjwa. Mwaka 1901 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alimwangalia katika hospitali ya Frankfurt mwanamke wa miaka 51 aliyepotewa na kumbukumbu. Mwanamke huyo alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini. Aliona umesinyaa, na ndani yake mna mabonge madogo na nyuzi zilizosokotana, na chembe nyingi za ubongo zimekufa. Hata leo ugonjwa huo huitwa kwa jina la Alzheimer, nao ndio unaowapotezea wazee kumbukumbu kuliko magonjwa mengine yote ya namna hii.

Wala msidhani kwamba utafiti huu ni wa Ulaya tu. Mkongo mwenzetu, Jean Ikanga, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Emory huko Marekani, pamoja na wenzake waliwapima wazee 85 mjini Kinshasa. Walijaribu kumbukumbu zao, kisha wakatafuta katika damu yao alama za protini zile zile zinazofanya mabonge na nyuzi hizo.

Lakini sisi watu wa nchi ya shaba tuna swali letu: je, mavumbi ya madini huharibu ubongo? Kwa manganesi, jibu lajulikana tangu zamani. Mwaka 1837 James Couper wa Glasgow aliandika habari za wafanyakazi waliosaga manganesi: miguu yao ililegea, wakayumba wakitembea, na sauti zao zikafifia. Mavumbi hayo yakivutwa kwa miaka mingi, huharibu sehemu ya ubongo iongozayo mwendo wa mwili. Na manganesi ilichimbwa Kisenge, katika mkoa wetu huu wa Lualaba.

Kuhusu kobalti, wataalamu wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven, akina Célestin Banza na Benoit Nemery, waliwapima watu wa Kasulo, hapa Kolwezi. Mwaka 2018 walitangaza kwamba kobalti katika damu na mkojo wao ilizidi sana ile ya watu wa mtaa mwingine, na zaidi kwa watoto. Hilo halithibitishi kwamba kobalti ndiyo iletayo usahaulifu wa uzeeni. Hata hivyo, latosha kutuonya.

Basi tufanye nini? Baba arudipo kutoka mgodini, avue nguo za kazi nje na kuoga kabla ya kumbeba mtoto. Mama anyunyize maji sakafuni kabla ya kufagia. Mzee akianza kusahau, apelekwe kwa daktari mapema. Maana wengine husahau kwa sababu ya upungufu wa vitamini, kaswende ya zamani au huzuni nyingi, na hayo yana dawa. Asiyeponyeka asifungiwe chumbani wala kudhihakiwa. Apewe mtu wa kufuatana naye, aitwe kwa heshima yake, wala asibishiwe kila neno.

Na mtu akija kunong'ona habari za ulozi, mwelezeni haya mliyoyasoma. Mzee huyo aliwalea ninyi. Sasa ni zamu yenu kumlea yeye.