Ziwa Lilikuwa Kiwanja Kabla ya Lami

UPEPO WA ZIWA
Na Mwajuma Ntakije

Tarehe 10 Juni 1916 bandari ya Kigoma ilishambuliwa kutoka angani. Ndege iliyoleta mabomu hayo haikuwa na magurudumu. Ilikuwa ya mbao na vitambaa, imefungwa maboya chini ya tumbo, na ilikuwa imeruka kutoka majini, ng'ambo ya ziwa, karibu na Mtoa upande wa Kongo. Rubani alikuwa Mbelgiji, Aimé Behaeghe, na nyuma yake alikaa mwangalizi aliyeitwa Collignon. Walichokuwa wakikiwinda ni meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, ambayo sisi wa mwambao huu tunaijua kwa jina la Liemba.

Habari za Liemba tumelishwa tangu utotoni. Mtoto yeyote wa mitaa ya Mwanga au Bangwe atakuambia kwamba ilitengenezwa Ujerumani, ikafunguliwa, ikaletwa vipande vipande ndani ya masanduku na kuungwa upya hapa hapa Kigoma. Atakuambia pia kwamba Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 baada ya kuipaka mitambo yake grisi, na kwamba Waingereza waliiopoa, ikarudi kazini mwaka 1927. Kuhusu ndege zilizokuja kuipiga hakuna anayesema. Mgeni akifika tunampeleka Ujiji, tunamwonyesha penye miembe ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, kisha tunashuka naye bandarini. Hatumwambii kwamba maji anayoyatazama yalikuwa miongoni mwa viwanja vya kwanza vya ndege katikati ya Afrika.

Mimi naona hilo ni pengo kubwa, na leo nataka tulizungumze.

Ndege zile zilikuwa nne, aina ya Short 827, Wabelgiji wamezipata kwa Waingereza. Zilishushwa Matadi kwenye Mto Kongo zikiwa masandukuni. Kutoka hapo zikapanda treni hadi Léopoldville, zikaingia kwenye boti za mto hadi Stanleyville, zikapanda treni tena, zikarudi mtoni, na mwisho zikafika ziwani kwa reli ya Kabalo kwenda Kalemie, reli iliyokuwa imefunguliwa mwaka mmoja tu kabla. Kila palipobadilishwa chombo, mizigo ilishushwa na kupandishwa na watu. Majina ya marubani yameandikwa vitabuni. Ya wale waliobeba mabawa na injini mabegani hayakuandikwa, na baadhi yao huenda walikuwa wa makabila haya haya yanayovuka ziwa kila siku kutembelea ndugu.

Shida ilianza pale masanduku yalipofunguliwa. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani ya Uingereza ambako ndege zile zilibuniwa, na joto huizidishia wepesi. Injini inapungua nguvu, na bawa halipati cha kuegemea. Maboya nayo ni ya mbao, na mbao ikikaa majini hunywa maji na kuongeza uzito. Halafu kuna mawimbi. Mvuvi wa Kibirizi hahitaji kufundishwa jinsi ziwa linavyochafuka kiangazi upepo ukivuma: wimbi fupi, la karibu karibu, linalogonga mtumbwi kama nyundo. Ndege ya maboya ikikimbizwa juu ya wimbi la namna hiyo, maboya hupasuka au panga la mbele huvunjika. Lakini maji yakitulia kabisa napo pana tatizo, kwa sababu maboya huyang'ang'ania na hayataki kuachia. Rubani anahitaji vijiwimbi vidogo, vya kiasi.

Kwa hiyo wakaliacha ziwa kubwa, wakahamia kwenye kiziwa cha Tungwe, pembeni tu, ambako maji yamekingwa na upepo. Huko ndiko walikorukia na huko ndiko walikorudi kutua. Naomba msomaji akitafakari kidogo kituo hicho. Hakikuhitaji greda wala lami, wala kumhamisha mtu shambani kwake. Maji yalikuwepo. Wakajenga mabanda ufukweni, wakachagua saa nzuri ya siku, wakaruka.

Wiki zilizofuata walikuja tena kuipiga bandari. Götzen haikuumia sana kama walivyodhani, na tayari ilikuwa imevuliwa mzinga wake mkubwa kwa ajili ya vita vya nchi kavu. Tarehe 26 Julai Wajerumani wakaizamisha, na siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma. Behaeghe hakumaliza mwaka. Alifariki Desemba 1916 huko Niemba, Kongo.

Baada ya vita hivyo, mambo ya ndege yalibadilika duniani kote. Ulaya ilibaki na ndege nyingi zisizo na kazi na vijana wengi waliojua kurusha. Wakaanza kuzunguka mashambani, wakitua kwenye malisho ya ng'ombe, wakiwarusha watu kwa malipo, kwa dakika kadhaa, ili waone vijiji vyao kutoka juu. Alan Cobham, aliyekuja kuruka Afrika nzima baadaye, alianza hivyo mwaka 1919. Fundi viatu, muuza mkate na mwalimu walipanda. Viwanja vyao vilikuwa vipande vya majani tu, vingi vimelimwa zamani, lakini huko Uingereza kuna wazee wanaovitafuta hadi leo, wanavipiga picha na kuviandika, kwa sababu ndipo babu zao walipoonja hewa ya juu mara ya kwanza.

Huku kwetu raha hiyo ilifika ikiwa na mwenyewe. Nairobi walianzisha klabu ya urushaji ndege mwaka 1927, na kampuni ya Wilson Airways ikafuata mwaka 1929. Wageni matajiri walikodi ndege kutafutia tembo na simba. Mswisi Walter Mittelholzer, aliyeliona ziwa letu katika safari yake ya ndege ya maboya kutoka Zurich hadi Cape Town mwaka 1926 na 1927, alirudi baada ya miaka mitatu akiwa na tajiri wa ukoo wa Rothschild aliyetaka kuwinda Serengeti, na Januari 1930 akaruka juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, akiwa na kamera. Picha zake ni nzuri mno, siwezi kukana. Mwaka 1929 Mbelgiji Edmond Thieffry, akitafiti safari za ndege za ndani ya Kongo, alikufa kwa ajali si mbali na ziwa hili. Hao ndio walioruka. Sisi tulikuwa wa kuinua shingo.

Na miaka iliyofuata ndege haikutuzoesha mema. Mwaka 1965, Che Guevara alipovuka kutoka Kigoma kwenda kwa wapiganaji wa Kongo, zilikuwepo ndege za kivita za T-28 zilizorushwa na Wakyuba waliomkimbia Castro, zikilinda ziwa kutoka upande wa Kalemie. Mtu aliyevuka kwa mtumbwi na mzigo wake alisikiliza mlio kabla ya kutazama maji. Kisha ikaja miaka ya wakimbizi wa Burundi na Kongo, na kwa mtoto aliyekulia Kasulu au Kibondo miaka ya tisini ndege ilikuwa kitu cheupe chenye herufi za Umoja wa Mataifa, kinachotua penye vumbi, kinashusha maafisa, kinaondoka. Vile viwanja vya vumbi ni historia yetu pia. Vilikatwa kwa jasho la watu wa vijiji vile, wanaojua hata sasa kichuguu gani kilisawazishwa na nani.

Leo ndege ya matembezi ipo kwenye mwambao wetu. Iko Mahale. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1985, miaka ishirini baada ya watafiti wa Kijapani, Nishida na wenzake, kuanza kuwafuata sokwe wa Kasoge. Ndani yake hakuna barabara ya gari. Mtu hutembea kwa miguu. Mgeni hupanda ndege ndogo ya injini moja huko Arusha, anapitia Katavi, anatua kwenye kiwanja cha udongo kandokando ya ziwa, anapokewa na boti, anapelekwa kambini. Siku zake zikiisha anarudi kwa njia ile ile. Ameliona ziwa kutoka juu na kutoka majini, amewaona sokwe, wala hajakanyaga Kigoma, hajanunua dagaa, hajapita Ujiji. Watongwe, ambao milima ya Mahale ilikuwa kwao kabla ya kuhamishwa miaka ya sabini, wanaiona ndege ikishuka na kupanda.

Silaumu kiwanja cha Mahale. Bila hicho mgeni angelazimika kukaa botini siku nzima kutoka hapa, na fedha za hifadhi zingekuwa chache zaidi. Ninachosema ni kwamba kiwanja kidogo cha udongo kina uwezo mkubwa kuliko tunavyokipa heshima. Kimeweza kuleta watu kutoka mabara ya mbali hadi kwenye mwambao usio na barabara. Kama kinaweza hivyo kwa mgeni, kinaweza pia kumnyanyua mwanafunzi wa Ujiji kwa dakika ishirini akaona Mto Malagarasi unavyoingia ziwani na kuyapaka maji rangi ya udongo, akaelewa kwa nini mwalimu wake anasema miti ikikatwa milimani samaki wanateseka. Somo hilo halifundishiki vizuri ubaoni. Kwa mtu wa chini, udongo mtoni ni udongo tu. Ukiwa juu unaona ulikotoka na unakokwenda.

Kuna watakaoniuliza: kwa nini usidai ndege za maji zirudi, kama zile za 1916? Nimelifikiria, na jibu langu ni hapana, si katika ghuba ya Kigoma. Alfajiri mitumbwi ya dagaa ndiyo inarudi, watu wamekesha, wamechoka, na maji hayo ni njia yao. Chombo kinachokimbia juu ya maji kwa kasi ile hakina haki ya kuwasukuma pembeni. Vilevile sitaki kusikia injini ikipita chini chini juu ya Gombe, hifadhi ndogo ambayo sokwe wake wamechunguzwa tangu Jane Goodall alipofika Julai 1960. Kuruka kwa raha kuna mipaka yake, na wanaoishi chini ndio wa kuiweka.

Tunacho kiwanja chetu, njiani kwenda Ujiji, kilichotoka changarawe kikawa cha lami. Ndege kubwa zinatua. Tunazungumzia sana abiria na mizigo ya Kongo na Burundi, na ni haki tuzungumze. Lakini katika mazungumzo yote hayo sijasikia mtu akitaka ukuta mmoja tu wa jengo la abiria uwekwe ramani ya Tungwe, Mtoa na Kigoma, na maelezo ya nini kiliruka kati yao mwaka 1916. Abiria anasubiri ndege saa nzima akiutazama ukuta mweupe. Picha za ndege zile zimehifadhiwa Ubelgiji, za Mittelholzer zipo Zurich, na kuomba nakala si jambo la mamilioni.

Waliokuwa watoto mwaka 1916 wamekwisha wote. Waliokata viwanja vya vijijini bado wapo, wengi wana miaka sabini na themanini, na walimu wa historia wa shule zetu wana wanafunzi wenye simu zinazorekodi sauti. Mwalimu mmoja na wanafunzi kumi wakienda kwa wazee hao kwa muhula mmoja watarudi na kitabu.

Jambo la haraka zaidi ni ardhi yenyewe. Kiwanja cha udongo kisichotumika huonekana kama shamba lililoachwa. Mtu anapanda mihogo pembeni, mwaka wa pili anasogea, mwaka wa tano kuna nyumba, na siku mgonjwa wa dharura anapohitaji kuchukuliwa kwa ndege ndipo watu wanaanza kuulizana mpaka ulikuwa wapi. Halmashauri zetu zina maafisa ardhi. Waagizwe wavitembelee viwanja vyote vidogo vya mkoa, waweke mawe ya mpaka, waandike kila kimoja kilikatwa lini na kwa kazi gani, na anayelima humo aelezwe mapema, kwa staha, kabla hajajenga. Madiwani wanaweza kulipitisha hilo katika kikao kijacho bila kumsubiri mfadhili yeyote.