PICHA BUBU NA RUNGU LA HOLA

Ndugu Wafanyakazi,

Wako watu wasemao kwamba sinema ni mchezo tu. Mtu hucheka, kisha huenda zake nyumbani. Sisi twasema sivyo. Mchezo unaomfanya binadamu mnyama huishia kwenye rungu, na ushahidi uko hapa hapa kwenye mto wetu wa Tana.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa kuja kuwinda. Kabla hajamaliza safari yake, tajiri mmoja wa sinema wa Chicago, William Selig, alikwisha kutoa picha ya uwindaji huo bila kukanyaga Afrika. Alimvisha mchezaji wake mavazi ya Roosevelt, simba akapigwa risasi huko huko, na weusi wa Chicago wakaajiriwa wawe ati wapagazi wa Afrika. Watu walilipa kiingilio wakaamini kwamba wameiona nchi yetu.

Mwaka 1915 ikaja The Birth of a Nation ya D. W. Griffith. Wazungu waliojipaka weusi usoni walituonyesha kuwa wajinga na waviziaji wa wanawake, na wauaji wa Ku Klux Klan wakafanywa mashujaa. Mwaka huo huo Klan, iliyokuwa imekwisha kufa, ikafufuliwa. Mwaka 1928 Martin na Osa Johnson wakatoa Simba, picha iliyopigwa Kenya, na ndani yake Mwafrika akawa kichekesho kando ya wanyama.

Tazameni hila ya picha bubu. Hakuna aliyesikika, lakini mwenye picha aliandika maneno yake kati ya picha na picha. Mpagazi alibeba mzigo. Maneno yalibaki kwa bwana.

Picha hizo hazikubaki ukutani. Walowezi nao walisema maneno yale yale: Mwafrika ni mtoto, ni mvivu, hafanyi kazi ila kwa kusukumwa. Kwa maneno hayo wazee wetu walivikwa kipande shingoni na kupewa ujira wa kitoto. Hata William Sellers, mkuu wa idara ya sinema ya makoloni iliyoanzishwa London mwaka 1939, alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufahamu picha za kawaida, sharti atengenezewe za polepole.

Kisha ikaja Hola. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu wa vita vya Mau Mau walilazimishwa kufanya kazi ya mifereji ya maji. Walipigwa marungu hata 11 wakafa. Serikali kwanza ikatangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Mwezi wa Julai, katika Bunge la Uingereza, marehemu hao walitajwa kuwa watu wasiofikia ubinadamu. Maneno hayo yalitoka wapi? Hatusemi kwamba sinema ndiyo iliyoshika rungu. Twasema ilimfundisha mwenye rungu asione mtu mbele yake.

Na sisi je? Mwaka 2012, ndugu waliuana huku Delta, Riketa na Kilelengwani, kwa ajili ya ardhi, maji na siasa. Mkulima akimwita mfugaji mshenzi, au mfugaji akimwita mkulima hivyo, ameazima jicho la bwana yule yule.

Basi twadai mambo haya:

1. Mwenye kamera akija shambani, malishoni au mtoni, aombe ruhusa kwanza.

2. Anayepigwa picha atajwe jina lake na kazi yake, na asikike kwa sauti yake mwenyewe.

3. Picha ikileta fedha, aliyepigwa apate haki yake. Kusimama mbele ya kamera ni kazi, na kazi ina ujira.

4. Watoto wa Garsen wafundishwe habari za Hola kabla ya kufundishwa habari za Roosevelt.

Ndugu, lizungumzeni jambo hili katika mkutano wa tawi. Wazee wetu walinyimwa sauti katika picha. Sisi tunayo, anayenyamaza sasa amejinyamazisha mwenyewe.

Umoja ni nguvu.