MAMBO YA KALE: Kisumu na Mgeni Wake wa Chuma

Msomaji, ukishuka leo Kisumu ukaona majumba na wingi wa watu, si rahisi kufikiri kwamba hapo zamani hapakuwa na mji, ila ukingo wa ziwa, matete, mbu, na mahali pa watu kukutana na kubadilishana vyakula. Wajaluo husema kwamba jina lenyewe latokana na desturi hiyo ya kwenda kwa jirani kutafuta chakula.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899, na mwezi wa Desemba 1901 ikafika ziwani, mwendo wa maili zaidi ya 570. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Uhindi kwa kazi hiyo, na kadiri ya 2,500 kati yao walikufa. Kituo kile cha mwisho kikapewa jina la bibi mmoja wa Kizungu, kikaitwa Port Florence.

Kabla ya reli, mizigo ya kwenda Uganda ilichukuliwa vichwani kwa muda wa miezi. Hata meli ya William Mackinnon ililetwa kutoka Uskochi vipande vipande, ikaungwa hapo hapo ukingoni, ikashushwa majini mwaka wa 1900, reli haijafika bado. Baadaye zikaja Winifred na Sybil. Basi mizigo ikawa yatolewa katika gari la moshi na kutiwa melini, na mji ukakua kwa kazi hiyo. Tena, mwezi wa Aprili 1902, nchi hiyo yote iliondolewa katika Uganda ikatiwa upande wa Kenya.

Lakini mwaka wa 1931 reli nyingine, iliyopita Nakuru na Eldoret, ilifika Kampala. Tangu hapo mzigo wa Uganda haukulazimika tena kupita Kisumu. Mji uliokuwa mwisho wa safari ukajikuta pembeni mwa njia.

Je, Kisumu ilikufa? La. Wakulima walikuwapo na mahindi yao, wavuvi na samaki wao, na reli ndogo ya Butere, iliyomalizika mwaka wa 1930, ikaleta mazao ya vijijini. Jina la Port Florence limesahauliwa. Jina la wenyeji ndilo lililobaki, kwa kuwa soko lilikuwa la kale kuliko kituo.

Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli, mgeni wa chuma alileta kheri nyingi. Lakini mgeni ana safari zake, naye aweza kubadili njia bila kuaga. Mwenyeji apona kwa kudumu ikiwa ana shamba lake, wavu wake na soko lake. Mji unaotegemea wapitao tu utalala njaa siku watakapopita kwingine.