Pazia likishuka, mchezo usizikwe

Mwaka juzi tulimzika rafiki yangu wa siku nyingi, mtu niliyesoma naye shule ya upili ya bweni. Baada ya mazishi, mwanawe wa kwanza alinijia pale chini ya hema akaniuliza, "Mzee, nasikia baba aliimba jukwaani mlipokuwa shuleni. Sauti yake ilikuwaje?"

Nilikosa la kumjibu. Mwaka wa 1986 shule yetu ilifika ngazi ya mkoa katika tamasha la drama kwa mchezo wa nyimbo na ngoma, na rafiki yangu ndiye aliyeigiza chifu. Alipofungua kinywa, ukumbi mzima ulinyamaza kimya. Lakini hakuna kanda iliyoinasa sauti ile, na picha moja niliyobaki nayo imefifia hata uso wake hauonekani. Nilimwambia tu, "Ilikuwa nzito, mwanangu." Je, hilo nalo ni jibu?

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu siku hizi nyumbani kwangu kuna mjadala mkali. Chama cha drama katika shule ya binti yangu, aliye kidato cha nne, kimeamua kuufufua mchezo wa nyimbo uliotungwa na mwalimu wao mmoja miaka mingi iliyopita. Binti yangu anataka ngoma zibadilishwe. Mama yake anashikilia kwamba kazi ya wazee haiguswi. Kitinda mimba naye amejitolea kuupiga picha mchezo wote kwa simu, akiwa amesimama nyuma ya ukumbi. Mimi nikaombwa nitoe uamuzi. Badala ya kuamua, Jumamosi jioni niliweka diski, nikawaonyesha mchezo uitwao Oklahoma!

Huenda jina hilo ni geni kwako. Oklahoma! ni mchezo wa Kimarekani ambao waigizaji huzungumza, huimba na kucheza ngoma. Uliandikwa na Richard Rodgers, aliyetunga muziki, na Oscar Hammerstein, aliyetunga maneno. Ulionyeshwa New York kwa mara ya kwanza tarehe 31 Machi 1943, wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Siku zile watu walizoea mchezo wa nyimbo ufunguliwe kwa kishindo cha wasichana wanaocheza kwa mstari. Huu ulianza na mama mzee peke yake akisukasuka maziwa apate siagi, na kutoka nje ya jukwaa ikasikika sauti ya mchunga ng'ombe akiimba. Watu waliupenda, ukaonyeshwa mara 2,212.

Kisa chenyewe ni chepesi. Msichana Laurey anatakiwa aamue ni nani atakayempeleka kwenye sherehe: Curly, yule mchunga ng'ombe, au Jud, kibarua wa shambani ambaye hulala katika kibanda cha kukaushia nyama kwa moshi. Mwaka wa 1955 kisa hicho kilifanywa sinema, na sehemu kubwa ya picha za nje ikapigwa katika jimbo la Arizona, kwenye nyasi na anga ya kweli. Ni sinema nzuri, lakini ni sinema. Jukwaa halipo, wala makofi hayasikiki.

Hapo ndipo nilipomgeukia binti yangu. Mwaka wa 1998 ukumbi wa taifa wa Uingereza, National Theatre wa London, uliufufua mchezo huu chini ya mwelekezi Trevor Nunn. Ngoma za mwanzo zilikuwa za Agnes de Mille, na zilikuwa zimeheshimiwa kwa miaka 55 kama amana ya ukoo. Susan Stroman akaruhusiwa kutunga ngoma mpya. Zingatia neno hilo, msomaji: aliruhusiwa. Hakujichukulia tu.

Kwa nini zibadilishwe? Katika mchezo kuna ndoto ya Laurey, ambayo yote ni ngoma. Kwa desturi, ndoto ilipoanza mwigizaji aliondoka na mchezaji ngoma mwingine akashika nafasi yake. Safari hii Josefina Gabrielle aliigiza, akaimba na kuicheza ndoto yeye mwenyewe. Kwa hiyo mtazamaji anaiona hofu ya msichana yule yule aliyekuwa akimsikiliza punde tu. Badiliko hilo halikuuharibu mchezo bali liliuleta karibu zaidi. Mama watoto alitazama sehemu hiyo bila kusema neno, nami nikajua ameanza kulegeza kamba.

Sasa tuje kwa kitinda mimba na simu yake. Mchezo ule wa London ulipigwa picha mwaka wa 1999, na watu ambao hawangeweza kamwe kununua tikiti ya ndege wakapata kuutazama. Mwaka wa 2023, mchezo ulipotimiza miaka 80, picha zile zilipelekwa hata katika majumba ya sinema. Curly ni kijana Mwaustralia, Hugh Jackman, kabla sinema ya X-Men ya mwaka wa 2000 haijampa umaarufu duniani. Mchezo huu ulipopelekwa New York mwaka wa 2002, Curly alikuwa mtu mwingine, Patrick Wilson. Kama kamera zisingekuwepo, Curly wa Jackman angebaki katika kumbukumbu za waliokuwa ukumbini tu.

Lakini tazama jinsi kazi ilivyofanywa. Kamera haikusimama mahali pamoja huko nyuma kama mtu aliyechelewa kufika. Husogea hadi kwenye uso. Shuler Hensley, aliyeigiza Jud, anapokaa kibandani mwake, unayaona macho ya mtu mpweke ambaye hakuna anayempenda, nawe unamhurumia hata kama unamwogopa. Aliyeketi safu ya mwisho ukumbini hakuuona uso ule hivyo. Aidha, watazamaji wanaonekana na makofi yao yanasikika, ili usisahau kwamba huu ni mchezo wa jukwaani.

Mwisho wa diski, binti yangu aliuliza, "Baba, kama picha ni nzuri hivi, kwa nini mtu aje ukumbini?" Swali zuri. Nikamwambia picha hukuchagulia pa kutazama, lakini ukumbini unachagua mwenyewe. Tena mwigizaji husikia kicheko chako, akakijibu. Picha ni ya yule ambaye hakuweza kufika, na ya yule ambaye hajazaliwa.

Basi tukaafikiana hivi. Watamwandikia barua mwalimu aliyeutunga mchezo, ambaye amestaafu na anaishi kijijini, wamwombe idhini ya kubadilisha ngoma na ya kupiga picha. Nyimbo hazitaguswa. Picha zitapigwa siku ya mazoezi ya mwisho, kwa simu mbili zilizowekwa juu ya vigoda imara, moja karibu na jukwaa. Chombo cha kunasa sauti kitawekwa mbele, kwa maana picha hafifu huvumilika lakini mchezo wa nyimbo usiosikika ni bure. Halafu nakala zitawekwa mahali patatu, kwani simu huibwa na kompyuta huharibika.

Nawe msomaji, kama mwanao yuko katika mchezo muhula huu, nenda ukaketi ukumbini. Kisha uulize ni nani anayenasa sauti. Usingoje siku utakapoulizwa chini ya hema, ukose jibu kama mimi.

Tukijaliwa, tuonane Jumapili ijayo.