Gesi ituachie mafundi wa kompyuta za mitambo

Mwaka 2013 wananchi wa Mtwara waliingia barabarani kupinga bomba la gesi kwenda Dar es Salaam, na damu ikamwagika. Bomba la inchi 36 lilijengwa, na mwaka 2015 kiwanda cha Madimba kikaanza kuchakata gesi ya Mnazi Bay. Swali la wakati ule, kwamba gesi itatuachia nini, halijafutika. Jibu langu ni dogo kuliko yanayotolewa majukwaani: ituachie vijana wanaojua kufunga na kupanga kompyuta zinazosimamia mitambo.

Kompyuta ya viwandani mara nyingi haifanani na ya ofisini. Ndani ya kabati hufungwa ubao wenye safu ya sloti, usio na akili yake wenyewe. Prosesa na kumbukumbu zimo kwenye bodi moja inayochomekwa hapo kama kadi nyingine. Bodi ikifa, mtambo haufumuliwi. Fundi anazima umeme, anavaa mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli, analegeza skrubu, anachomoa, anachomeka nyingine. Wengi hudhani kazi imeisha hapo, kumbe ndiyo kwanza imeanza. Ubao una sloti iliyotengwa kwa bodi hiyo, na kwingine haitafanya kazi. Bodi mpya huenda imepangwa kumsubiri mtu abonyeze kitufe, ilhali mtambo unataka ijiwashe yenyewe umeme ukirudi usiku wa manane, na ijianzishe upya programu ikiganda. Mipangilio hiyo huwekwa na mtu aliyefundishwa. Na katika pwani yetu, kuanzia Mtwara mjini hadi Msimbati na mlango wa Ruvuma, hewa ya chumvi hula miguu ya kadi. Kadi iliyoliwa hivyo, au iliyoingia nusu, itasumbua leo, kesho ikatulia, keshokutwa ikasumbua tena, na hakuna hitilafu inayochosha kama hiyo.

Wapo watakaosema kwamba mkandarasi huja na wataalamu wake, na dhamana inakataza mkono wa mwingine. Ni kweli, ila dhamana huisha na mtambo hubaki, na Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inataka Watanzania wapewe kipaumbele. Kipaumbele hicho hakina maana kama hakuna wa kukipokea. Hoja nzito zaidi ni gharama za vifaa na uchache wa ajira. Lakini bodi iliyostaafishwa inafundisha kuchomeka sawasawa na mpya, na ujuzi wenyewe haufungwi na gesi, kwa kuwa kompyuta za namna hii zinatumika pia kwenye mawasiliano na reli. Chuo cha ufundi cha VETA Mtwara kikipata kabati moja, ubao mmoja na bodi chache, kitaweza kuufundisha, na mtihani utakuwa mwepesi kusahihisha: mwalimu akate umeme, aurudishe, na mfumo uamke bila mwanafunzi kugusa chochote.